Jiwe la Kuzuia Mlango

Siku kumi na tisa kabla ya harusi, saa nne asubuhi, Bi Ratiba alikuwa amepanga kadi ishirini na tatu kwenye meza ya chakula nyumbani kwa biharusi. Kadi za njano zilikuwa za Kihindu, za kijani za Kikelti. Kila kadi ilikuwa na jambo moja, limeandikwa kwa kalamu nene: moto, mashada ya maua, hatua saba, kufunga mikono kwa utepe, kuruka ufagio, kikombe chenye masikio mawili. Kazi yake ilikuwa kuzipunguza zibaki kumi na moja, zikae ndani ya dakika hamsini, na kila mama aondoke pale akiamini mwenzake ndiye aliyepunguziwa.

Jina la Ratiba hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, tangu siku alipomwambia biharusi mmoja aliyeanza kulia mapema kwamba kilio kimepangwa saa kumi na dakika ishirini.

Upande mmoja wa meza alikaa Mama Biharusi. Ukoo wake ulikuwa wa Kikelti. Wazee wao walitoka visiwa vya mvua na upepo, wakaja na masanduku mawili na nyimbo nyingi, na nyimbo zenyewe zilikuwa zimebaki tatu. Upande wa pili alikaa Mama Bwana Harusi, Mhindu, mwanamke aliyenukia sandali kutoka getini. Walikuwa wanapendana sana siku hiyo. Walikuwa wanaitana "dada" kila baada ya maneno manne.

"Dada, sisi farasi wa bwana harusi tunamwacha," alisema Mama Bwana Harusi. "Kijana wangu anaogopa hata paka. Aje na gari. Lakini moto siuachi."

"Na sisi tunaacha ufagio, dada. Aruke na gauni lile avunjike kiuno? Lakini mikono lazima ifungwe."

"Itafungwa motoni," Bi Ratiba akasema. Alisogeza kadi ya njano, akaweka ya kijani juu yake. "Wanauzunguka moto hatua saba. Kila hatua kiapo kimoja. Kila kiapo, utepe unazungushwa mara moja mikononi. Hatua saba, mizunguko saba. Wakimaliza, wameshafungwa na upande huu na upande ule."

Akina mama walitazamana.

"Huyu binti ana kichwa," alisema Mama Bwana Harusi.

"Si ndiyo maana nikamleta."

Bi Ratiba alipenda kazi yake kwa ajili ya dakika kama hizo. Lakini alipohesabu kadi, upande wa kijani ulikuwa mwepesi. Walihitaji kitu cha kushika. Akauliza kama ukoo una jiwe la kiapo, maana Wakelti wa zamani walikuwa wakiapa wameshika jiwe, kiapo kinaingia ndani yake na kukaa humo. Mama Biharusi akasema labda walikuwa nalo zamani, yeye hajui lilikoishia.

Bi Ratiba alikwenda chooni. Akalikuta mwisho wa korido.

Lilikuwa jiwe la kijivu, ukubwa wa mkate wa kukata, limelainika katikati kwa kushikwashikwa. Lilikuwa linazuia mlango wa chumba cha nyuma usijifunge. Ndani ya chumba, kitandani, alilala kikongwe mmoja akitazama korido. Pale nyumbani walimwita Bibi wa Nyuma. Alikuwa mama mzazi wa Mama Biharusi.

"Shikamoo Bibi. Hili jiwe ni la nini?"

"Marahaba. La mlango," Bibi akasema. "Zamani lilikuwa la kuapia. Nimeapa juu yake mimi, na mama yangu, na bibi yangu. Huyo binti yangu naye ameapa juu yake, kama amesahau mkumbushe. Babu yenu siku yetu lilimponyoka likampiga kidole cha mguu. Akaapa na maneno mengine ambayo hatukuyapanga."

Bi Ratiba alilipiga picha kumi na nne. Kisha akaliinua kwa mikono yake miwili, akalibeba kifuani kama mtoto mpaka sebuleni, akaliweka juu ya meza ya kioo. Akina mama walipiga vigelegele.

Huko nyuma mlango ulijifunga. Ulikuwa mlango mzito, bawaba zake zimelala upande, na kitasa cha ndani kilivunjika zamani, biharusi akiwa bado anasoma shule ya msingi. Ukishajifunga unafunguka kwa nje tu. Kilikuwa kitu cha fundi kufanya kwa saa moja. Mama Biharusi alisema fundi ataitwa baada ya harusi.

Siku ya tatu, sebule ilianza kunuka.

Walikagua soli za viatu. Walitoa takataka, wakamwaga dawa kwenye bomba la maji machafu, wakanusa mito ya kochi mmoja mmoja. Biharusi, ambaye pua yake ilikuwa kali kuliko za wote, ndiye aliyeinama juu ya meza ya kioo.

"Ni jiwe," alisema.

"Linanuka nini?"

"Linanuka chumba cha Bibi."

Na kweli. Lilinuka mkojo wa juzi na dawa ya kuchulia viungo, maziwa yaliyogandia kikombeni, na blanketi la sufu lililokunjwa likiwa bichi. Miaka yote harufu ile ilikuwa inatokea mlangoni. Sasa haikuwa na mlango, ikatafuta njia kwa jiwe. Mama Biharusi aliliona jambo hilo kuwa na nafuu yake.

"Korido inanukia sabuni, umesikia?" alimwambia Bi Ratiba. "Miaka tisa nilikuwa naona aibu wageni wakienda chooni. Afadhali jiwe. Korido haibebeki, jiwe linabebeka." Akalipeleka nje kibarazani.

Siku ya sita jiwe lilianza kutoa jasho. Jasho lenyewe lilikuwa la manjano, zito kidogo, linajikusanya kwenye kile kibonyeo cha katikati na kutiririka sakafuni. Siku ya saba saa saba mchana, saa ambayo Mama Biharusi huwa anaingiza sahani kule nyuma akiwa amebana pumzi, uji ulijitokeza pembeni mwa jiwe, umeganda kama ule unaobaki kwenye kona ya mdomo usipopanguswa. Siku ya nane kulikuwa na unywele mweupe.

Kulisafisha ikawa kazi ya Bi Ratiba. Ilikuwa ndani ya mkataba, kwenye kifungu cha vifaa vya shughuli. Alikuwa anakuja kila asubuhi na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto. Analipangusa jiwe huku amegeuzia uso barabarani, na kila alipopangusa kile kibonyeo alihisi kina vuguvugu, na mate yalimjaa mdomoni yale ya kabla ya kutapika. Alikuwa anameza. Akitoka hapo anaingia ndani, ambako akina mama walikuwa wanaonja keki, keki ya tatu wiki ile. Wanachovya vidole kwenye krimu, wanavilamba, wanachovya tena.

"Onja, binti, mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

"Nimeshiba, mama."

Siku ya tisa jiwe lilikohoa. Mama Bwana Harusi, aliyekuwa anachagua rangi ya utepe, alisema "afya" bila kuinua macho.

Ndipo Bi Ratiba alipokwenda nyuma akafungua mlango.

Harufu haikumpiga. Chumba hakikuwa na harufu kabisa, yote ilikuwa kibarazani. Kilikuwa na giza na hewa nzito ya joto. Bibi alikuwa palepale, ubavu uleule. Shuka chini yake lilikuwa na ramani tatu, moja juu ya nyingine, na ya chini ilikuwa imeshakauka. Kisigino chake kilikuwa kimeanza kuchubuka. Kikombe kilikuwa chini, mahali ambapo mkono wake haufiki.

"Wewe ni yule wa jiwe," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi. Mimi napanga harusi."

"Basi anza kupanga na kitanda hiki."

Bi Ratiba alitafuta beseni. Hakuwahi kumwogesha mtu mzima. Alifanya taratibu, kwa mpango, kama anavyofanya kila kitu, kuanzia usoni kushuka chini, na alipofika alikokuwa anaogopa kufika aliona ni ngozi tu, nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Mate hayakumjaa mdomoni. Hilo alilishangaa. Alipomaliza, alibadilisha shuka, akampa maji. Bibi alikunywa vikombe viwili bila kupumua.

"Jiwe langu liko wapi sasa?"

"Kibarazani. Lilikuwa mezani, linapigwa picha."

"Lina bahati. Mimi sina hata ya kitambulisho." Akajifuta mdomo. "Sikiliza, mwanangu. Miguu yangu imekwisha, macho yangu ni nusu. Silalamiki. Lakini mlango ukiwa wazi naona nani anapita. Namsikia mjukuu wangu anaimba bafuni, anaimba vibaya kama mbuzi, lakini namsikia. Sitaki kwenda harusini. Sitaki keki. Nataka mlango."

"Nitakuwekea kitu kingine kizito, Bibi."

"Weka."

Aliweka kiti. Jioni ile kiti kilichukuliwa, kwa sababu viti vya nyumbani vilikuwa vinapelekwa ukumbini na vilitakiwa viwe sita sita. Kesho yake aliweka gunia dogo la mchele. Gunia likachukuliwa, lilikuwa la kuwarushia maharusi. Aliweka ndoo ya rangi, ikachukuliwa kupaka nguzo za kibanda cha maua. Aliweka kitabu kikubwa cha picha za ukoo, na kikachukuliwa kikaonyeshwe wageni. Kila kitu kizito ndani ya nyumba ile kilikuwa na kazi harusini.

Mwisho alileta tofali kutoka barabarani, tofali ambalo halikuwa na kazi yoyote duniani. Nalo lilitolewa. Safari hii Mama Biharusi alimwita pembeni, akamshika mkono kwa upole.

"Mwanangu, nakushukuru kwa moyo wako. Lakini mpiga video ataanzia koridoni, ameshaniambia. Anataka biharusi atoke chumbani, apite koridoni taratibu, mwanga nyuma yake. Sasa tofali litakaa wapi kwenye picha hiyo?"

"Likae mpaka siku yenyewe, mama. Kisha tunalitoa."

"Na harufu ikirudi koridoni?"

Bi Ratiba alifungua ratiba kwenye simu, akaifunga.

"Baada ya harusi," Mama Biharusi alisema. "Fundi anakuja, anaweka kitasa, kila mtu anafurahi. Nimeshaongea naye. Huyo ni mama yangu, unafikiri simpendi?"

Alikuwa anampenda. Chumbani kwake, juu ya kitanda, alikuwa ametundika picha ya mama yake akiwa na miaka ishirini, ameiwekea fremu ya dhahabu, na kila Ijumaa alikuwa anaipangusa vumbi.

Ilibaki kadi moja ya njano ambayo ilikuwa haijapata mahali. Iliandikwa: kugusa miguu ya wazee. Maharusi wakishamaliza moto, wanainama mbele ya mzee wa ukoo, wanagusa miguu yake, anawabariki. Mama Bwana Harusi alisema hiyo haiondoki hata kwa bunduki. Shida ni kwamba wazee wa upande wake walikuwa wamekwisha wote, wa mwisho alifariki mwaka uliopita. Kwa pande zote mbili, mzee wa rika lile alibaki mmoja tu.

Bi Ratiba aliiweka kadi katikati ya meza.

"Bibi wa Nyuma," alisema. "Nimeulizia kiti cha magurudumu, kipo. Namwogesha mwenyewe, namvalisha mwenyewe. Dakika nne. Nimeshazipata, nimezikata kwenye hotuba."

Mama Bwana Harusi alitazama kucha zake. Mama Biharusi alitazama kibarazani, ambako jiwe lilikuwa linavuja taratibu juu ya gazeti.

"Zulia la ukumbi ni jeupe," alisema mwishoni.

"Kwetu wazee tunawaheshimu kupita kiasi," alisema Mama Bwana Harusi. "Ndiyo maana hatuwasumbui. Ukimtoa mtu mzima kitandani, ukampeleka kwenye kelele, hiyo heshima gani?" Akafikiri kidogo, uso ukang'aa. "Si waguse jiwe?"

"Jiwe?"

"Si ndiye yeye? Linakohoa kama yeye. Linanuka kama yeye, unisamehe dada. Tuliweke juu ya mto mzuri, wainame, waliguse, basi. Na kiapo kimo humohumo. Kadi mbili kwa moja."

"Dada," alisema Mama Biharusi, machozi yakimlengalenga, "ungekuwa na kampuni yako wewe."

Wote wawili walimgeukia Bi Ratiba, wakamngojea. Lilikuwa wazo lililokaa sawasawa, njano na kijani bila mshono. Kama angelifikiria mwenyewe angejipongeza. Alichukua ile kadi akaibandika juu ya kadi ya jiwe. Kisha akaomba radhi, akaenda chooni, akatapika. Alitapika kwa utaratibu, kwa sababu saa sita alikuwa na miadi na mtu wa maua.

Siku ya harusi hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kibanda cha maua kilisimama katikati ya ukumbi, moto ukiwa ndani ya chungu cha shaba, na mbele yake jiwe juu ya mto wa hariri. Walikuwa wamelipulizia manukato asubuhi, chupa nzima, likawa linanuka mkojo na waridi. Wageni wa mstari wa mbele waliinua mashada yao mpaka puani, wakakaa hivyo. Kwenye picha ilionekana kama desturi.

Pandit, kuhani wa upande wa bwana harusi, alikuwa mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alisoma viapo. Mjomba wa biharusi, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi wa Nyuma, ndiye aliyezungusha utepe, kwa sababu alikuwa na mikono mizuri na suti mpya. Hatua ya kwanza waliapa kulishana. Ya pili waliapa kutiana nguvu. Ya tatu, kushirikiana riziki. Kila hatua waliinama wakashika jiwe, na biharusi alikuwa amevaa glavu za lesi ambazo kwenye ratiba hazikuwepo.

Hatua ya nne, pandit akasoma: "Tutawaheshimu na kuwatunza wazazi wetu na wazee wetu."

"Tutawaheshimu na kuwatunza," walisema maharusi, na kulishika jiwe.

Jiwe likakohoa, mara mbili, kile kikohozi cha kifua kikavu.

"Naomba maji," likasema.

Sauti ilikuwa ya Bibi, haina kelele, inasikika mpaka mstari wa tano. Mjomba alisimamisha utepe.

"Mama, subiri kidogo," alisema. "Tuko ya nne."

Lakini pandit alikuwa na kijiko cha maji mkononi, na kazi yake ya miaka arobaini ilikuwa kumwagia maji kitu kinachoomba. Akamimina. Maji yalikaa kwenye kile kibonyeo cha jiwe, kisha yakazama ndani, kama yanavyozama kwenye mchanga. Ilisikika sauti ya kumeza.

"Ongeza," likasema jiwe.

Akaongeza. Shangazi mmoja alijifuta machozi. Mpiga video akainua mkono. "Samahani, hapo kwenye maji, turudie. Nilikuwa upande wa keki."

Wakarudia. Kiapo, kikohozi, kijiko. Jiwe lilikunywa tena.

"Asanteni," likasema. "Sasa mlango."

"Mama, tuko kwenye shughuli," alisema mjomba, na ukumbi mzima ukapiga makofi, maana alilisema vizuri, kwa mapenzi, na akakaza utepe mzunguko wa nne.

Bi Ratiba alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, simu mkononi, ratiba ikiwa wazi. Walikuwa wamechelewa dakika mbili tu. Mbele ya mto, doa la manjano lilikuwa linatambaa juu ya zulia jeupe, likielekea viatu vya bwana harusi. Alitoka taratibu, akachukua maua yaliyodondoka, akayapanga juu ya doa yafanane na mshale unaoelekea kwa maharusi. Watu walidhani ni pambo. Alipoinuka, mmoja wa wageni alimnong'oneza, mdomo umejaa keki, makombo meupe yamemshika kwenye ndevu: "Dada, hii ya jiwe mmeitoa wapi? Imenigusa sana."

Aliangalia yale makombo yakipanda na kushuka.

"Ni la nyumbani," alisema.

Mwishoni maharusi waliinama, wakagusa jiwe, na jiwe likawabariki. Liliwabariki vizuri, kwa maneno marefu, likamwambia biharusi aache kuimba bafuni au ajifunze. Watu walicheka. Likataja mlango tena. Muziki ulikuwa umeshaanza.

Fundi alikuja wiki ya pili baada ya harusi, kama ilivyoahidiwa. Alikuja na mfuko wake wa vifaa na kitasa kipya kwenye karatasi. Bi Ratiba naye alikuwepo, aliitwa kutoa ushauri wa mwisho.

"Rafu, fundi," Mama Biharusi alisema, akionyesha ukuta wa sebule. "Hapo, kati ya picha ya harusi na saa. Iwe imara, jiwe lina uzito. Na chini yake utuwekee kijishikio cha kisahani, maana linadondosha."

Alikuwa na furaha. Tangu harusini walikuwa wamegundua kwamba jiwe linakula. Uji vijiko vinne asubuhi, vinne jioni, maji mchana. Unamimina kwenye kibonyeo, unaenda zako. Dawa pia, ukiiponda. "Sasa siingii kule nyuma kabisa," alisema. "Na anapata wakati wote, kuliko zamani. Zamani nilikuwa nasahau, nisiseme uongo. Sasa yuko na sisi hapa sebuleni. Taarifa ya habari tunasikiliza pamoja."

"Nasikiliza, sioni," likasema jiwe kutoka mezani.

"Bibi bwana," Mama Biharusi akacheka.

Fundi alishikiza ubao wa rafu ukutani, akaweka pimamaji juu yake. "Nyanyua kidogo upande wa kulia," Bi Ratiba alimwambia, kwa sababu rafu ilikuwa imelala upande na yeye hawezi kuvumilia kitu kilicholala. Rafu ikakaa. Fundi akalibeba jiwe juu, akachomeka kisahani, akasubiri. Tone la kwanza lilidondoka katikati. Kisha akainua ile karatasi.

"Na kitasa je, mama? Uliniambia kuna mlango."

"Aa, ule. Ule umeshafungwa, hausumbui mtu. Hebu kiweke choo cha wageni, cha pale kinakwama."

Fundi alikwenda kukiweka choo cha wageni. Ilimchukua saa moja.

Bi Ratiba alipita koridoni. Korido ilinukia sabuni. Alisimama mbele ya mlango wa nyuma, akaufungua, akauzuia kwa bega.

Bibi alikuwa amekuwa mdogo. Alikuwa ubavu uleule. Alimtazama na lile jicho zima.

"Mtu," alisema. "Nilishasahau mnavyofanana."

"Bibi, leo sikuja na kitu. Hakuna kitu kizito kilichobaki."

"Wewe una kilo ngapi?"

"Sitini na moja."

"Jiwe halifiki hata tano. Simama hapohapo."

Basi Bi Ratiba alisimama. Aliegemeza mgongo kwenye mlango, miguu mbele, mlango ukamsukuma naye akausukuma. Bibi aligeuza shingo, akatazama korido. Hakukuwa na kitu cha kuona. Ukuta na swichi ya taa, na kipande cha zulia. Alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayesoma barua. Biharusi alikuwa amekuja kusalimia siku ile. Alipita akienda chooni, akasema "Bibi, mambo!" bila kusimama, na Bibi akasema, "Umeongezeka," kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi.

Walikaa hivyo dakika kumi na moja. Bi Ratiba alijua ni kumi na moja kwa sababu alikuwa na simu mkononi, na dakika ya kumi na mbili ikaita.

Namba ilikuwa ngeni. Alipokea. Sauti ilikuwa ya mwanamke, inakatikakatika. Koridoni pale netiweki ilikuwa mbovu siku zote. "Halo? ...harusi... tumesikia kuhusu..."

"Dakika moja, Bibi," alisema Bi Ratiba. "Nasogea tu hapo."

Alisogea hatua tatu, kisha nne. Netiweki ilirudi vizuri alipofika sebuleni, chini ya rafu. Nyuma yake mlango ulijifunga taratibu, kama ulivyozoea.

"Sasa nakusikia," alisema. Aliweka simu kwenye spika, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Ni wewe yule wa jiwe?" mwanamke aliuliza. "Tulikuwa pale, jamani, tulilia! Sasa binti yetu anaolewa mwezi wa nane. Na sisi tunataka ile. Haina haja iwe ya Kihindu wala ya Kikelti, iwe ile tu."

"Inawezekana," Bi Ratiba alisema. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni. Akameza. "Mna mzee nyumbani?"

"Tunaye babu. Yuko chumba cha uani."

"Mlango wa chumba chake mnauzuia na nini?"

Upande wa pili mtu alikuwa anaulizwa. Juu ya kichwa cha Bi Ratiba tone lilidondoka kwenye kisahani.

"Umeondoka," likasema jiwe.

"Nani huyo anaongea?" mwanamke akauliza.

"Ni Bibi," alisema Bi Ratiba.

"Ooo! Yupo hapo? Hebu nisogezee simu." Bi Ratiba aliinua simu mpaka kwenye rafu. "Shikamoo Bibi!"

"Marahaba," likajibu jiwe.